Dema la Mtandaoni: Hoja Kuhusu Istilahi

Miongoni mwa dhana ambazo taaluma ya tarakilishi imezileta mlangoni pa Kiswahili bila jina ni ile ya mfumo bandia uwekwao mtandaoni makusudi ili ushambuliwe. Waingereza huufananisha na chungu cha asali. Kutafsiri neno kwa neno ni rahisi, lakini je, tafsiri hiyo yatosha?

Kwanza, dhana yenyewe. Mtaalamu hutengeneza tovuti ifananayo na ya kweli: ukurasa wa kuingilia, fomu, hata hifadhidata yenye majina ya kubuni. Maadamu hakuna mteja halali mwenye shughuli huko, kila abishaye hodi hushukiwa. Hatua zake zote hurekodiwa: nywila anazokisia, amri anazopenyeza katika fomu ili kuihadaa hifadhidata, na faili anazojaribu kupakia. Kwa njia hii, mbinu za wadukuzi huweza kujulikana kabla hazijaifikia tovuti ya benki au ya chuo.

Hila hii ina historia. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, Clifford Stoll alianza kuchunguza hitilafu ya senti 75 katika hesabu za matumizi ya tarakilishi. Hitilafu hiyo ilimfichulia mdukuzi. Baadaye Stoll aliandaa faili za uongo kuhusu mradi wa kijeshi usiokuwapo. Mdukuzi akakawia kuzisoma, na simu yake ikafuatiliwa hadi Hannover, Ujerumani.

Sasa turejee kwenye jina. Asali huvuta, basi. Haidokezi hatari kuu ya mfumo huu: mdukuzi akiiteka seva bandia, aweza kuitumia kuwashambulia wengine. Sharti aingie, asitoke. Wavuvi wa pwani wanalo neno libebalo masharti yote mawili: dema, ambalo baadhi yao huliita lema. Mlango wake humkaribisha samaki kwa wepesi, kutoka kukamshinda.

Yamkini watakaopinga watasema kwamba samaki huishia chunguni ilhali mdukuzi huchunguzwa tu. Ni kweli, hakuna sitiari isiyo na upungufu. Hata hivyo, istilahi njema humfunza mtumiaji wake. Mwanafunzi aambiwaye atege dema ataukagua mlango wa kutokea kabla hajaiwasha seva. Aambiwaye aweke asali atangoja nyuki.