Kufungua profaili ya LinkedIn ni bure, usikubali kuuziwa kazi

Kutafuta kazi ya kwanza kuna gharama zake: nauli, bando, kuchapisha vyeti, bahasha ya kaki. Profaili ya LinkedIn ndiyo haina malipo. Basi mbona sisi watu wa malipo tunaiandikia? Kwa sababu kati ya wateja wanaotupigia wakitaka pesa zirudishwe, wamo vijana waliotuma "ada ya usajili" kwa mtu aliyewapata kupitia profaili hiyo hiyo.

Hatusemi uifunge. Tunasema ijaze vizuri, na ujue cha kuacha nje.

Anza na mstari ulio chini ya jina lako. Una nafasi ya herufi 220, lakini wengi huandika tu "Ninatafuta kazi". Mwajiri hapo amejua shida yako, hajajua unachoweza kufanya. Chukua kijana aliyekaa miezi 8 kwenye duka la wakala wa pesa akingoja cheti cha chuo. Akifika kwenye profaili anakiruka kipindi hicho, eti haikuwa kazi ya ofisi. Tunapinga kabisa! Huyo alikuwa akilinganisha floti na pesa taslimu kila jioni, akijaza daftari la miamala, akikagua kitambulisho kabla ya kumpa mtu pesa, na kumtuliza mama aliyekosea nambari akitumia karo. Anayeajiri keshia au karani wa hesabu anatafuta mtu wa aina hiyo. Aandike wazi: "Nimehudumia wateja na kufunga hesabu za kila siku katika duka la wakala, miezi 8." Akiandika kwa Kiingereza, kiwe Kiingereza chake mwenyewe, kile ambacho hatababaika nacho kwenye mahojiano. Na kama mwenye duka yuko LinkedIn, amwombe amwandikie mistari miwili ya kumpendekeza.

Picha isikusumbue. Simama karibu na dirisha mchana, nyuma yako kuwe na ukuta mtupu. Studio si lazima.

Sasa lile linalotuuma. CV zetu hapa Kenya zina mazoea ya zamani: nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, hata dini, vyote kwenye ukurasa wa kwanza. Ndani ya bahasha, CV hiyo ilisomwa na watu wawili watatu ofisini. Ukiipakia kwenye profaili iliyo wazi, mtu usiyemjua anapata jina lako kamili, kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu kwa mpigo mmoja. Hizo ndizo habari anazozitaka tapeli wa kujifanya wewe ili abadilishiwe laini yako, na laini ikishahama, pesa zako pia ziko hatarini. Toa vitu hivyo. Barua pepe inatosha mwanzoni, na mwajiri wa kweli atakuomba kitambulisho wakati wake ukifika.

Halafu kuna yule anayekuandikia "umechaguliwa" kabla hujaomba chochote. Anakuhamishia WhatsApp, anakusifu, kisha anataka 1,500 za "kupanga mahojiano". Sisi tunaamini anayedai pesa kabla ya mahojiano hana kazi ya kukupa. Akisema ni za cheti cha polisi, kumbuka cheti hicho unakiomba mwenyewe kwenye eCitizen na kulipia kwa paybill 222222, si kwa nambari ya mtu. Akisema yeye ni wakala wa ajira, mwulize usajili wake, kisha uhakikishe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usitosheke na picha ya cheti aliyokutumia.

Na kama umeshatuma? Usione haya, wala usingoje kesho. Omba muamala urudishwe papo hapo, kwa sababu mpokeaji akishatoa pesa, sisi tunabaki na kidogo sana cha kufanya. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha na mazungumzo yote, uende navyo kituo cha polisi. Atakupigia tena, akudai utume nyingine ndogo "ili ile ya kwanza ifunguliwe". Hiyo tumeisikia mara nyingi mno, na hatujaona hata mmoja aliyefunguliwa.