Mamlaka ya Ziwa Tanganyika: ni nani hasa anayeamuru?

Mvua kubwa inaponyesha Bujumbura, wakazi wa Mutanga Nord hulisikiliza korongo la mto Ntahangwa. Maji yake yamekwisha kula kingo na kuzihatarisha nyumba, na udongo unaomeguka huishia katika Ziwa Tanganyika, ambalo ni mali ya nchi nne. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6.

Nchi hizo zilitia saini mkataba wa pamoja jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, kisha zikaunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Kwa sisi tunaofasiri habari kila siku, neno "mamlaka" lina mtego: msikilizaji hudhani ni chombo chenye askari na faini zake. Kumbe kauli ya mwisho ni ya Mkutano wa Mawaziri. Sekretarieti huratibu, na utekelezaji hubaki mikononi mwa kila serikali.

Udhaifu huo umedhihirika katika uvuvi. Ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana, ilikubaliwa kusimamisha uvuvi kila mwaka kwa miezi mitatu, na Tanzania ililifunga ziwa upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Lakini samaki hawajui mpaka. Mvuvi wa Kigoma au Rumonge anayelala bila kipato ana haki ya kuuliza iwapo Kalemie na Mpulungu nako nyavu zimeanikwa. Akigundua kwamba sivyo, mwaka unaofuata atavua usiku.

Suala la kina cha maji ni zito zaidi. Mwaka 2024 ziwa lilifurika na kuwahamisha watu Gatumba na vitongoji vingine vya pwani ya Bujumbura. Njia pekee ambayo maji hutokea ni mto Lukuga, ulioko Kalemie, ndani ya Congo. Burundi haiwezi kuugusa. Wala Congo peke yake haiwezi kuamua ziwa lishuke kiasi gani, kwani maji yakipungua mno meli zitashindwa kutia nanga Kigoma na hata Bujumbura kwenyewe. Hapo ndipo Mamlaka ingestahili jina lake: kupewa na mawaziri idhini ya kupanga kiwango kimoja cha maji kitakachozifunga nchi zote nne.