Fujifilm X100VI: kamera yenye sura ya zamani, je, inaweza kumulisha mpiga foto wa Mashariki?

Dola 1,599. Ndiyo bei ambayo kampuni ya Japani Fujifilm ilitangaza Februari 2024 wakati ilitoa kamera yake X100VI. Mwaka uliofuata, kisha serikali ya Marekani kupandisha ushuru wa vitu vinavyotoka inje, bei yake kule ilifika dola 1,799. Hata vile watu waliendelea kuitafuta. Na kwa feza hiyo yote unapata apareyi yenye objektifu moja tu, imefungwa palepale: haina zumu, na hakuna namna ya kuitoa ili uweke ingine.

Kwa kijana anayekula kwa kazi ya foto Goma, Bukavu ao Bunia, ulizo si kama kamera hii ni nzuri. Ni nzuri. Ulizo ni kama itamurudishia feza yake.

X100 ya kwanza ilionyeshwa Septemba 2010 kwenye maonyesho ya Photokina, Ujerumani, ikaanza kuuzwa 2011 kwa dola 1,199. Waliitengeneza ifanane na kamera za filimu za wazee: chuma juu, ngozi nyeusi pembeni, kizungusho cha kasi, na pete ya kufungua mwangaza kwenye objektifu. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha watu wachache wenye kuipenda. Mambo yaligeuka na X100V ya 2020. Kunako 2022 vijana wa TikTok waliishika, madukani ikaisha, na zile zilizokwisha kutumika zikauzwa kupita bei ya mpya. X100VI ilikuta foleni tayari. Kwa hiyo sehemu ya bei unayoona leo ni ya urembo na ya foleni ile. Mteja wa ndoa hatalipa urembo huo.

Lakini kusema kwamba ni urembo tu ni kukosea. Ndani kuna pikseli milioni 40, objektifu ya milimita 23 inayofunguka hadi f/2, na kifaa kinachotuliza mutikisiko wa mkono. Hicho kinasaidia saa za magaribi, wakati moto wa umeme umekatika na mtu hapendi kutumia flashi. Ila kama mtu unayempiga anatembea, kutuliza mkono wako hakutamsimamisha yeye. Batri na kadi ndani, uzito ni gramu 521. Kifungio chake kiko ndani ya objektifu, kwa hiyo sauti yake haisikike karibu hata kidogo. Mbele ya mama anayesimulia namna alikimbia kijiji chake, ile kimya ina maana. Kamera kubwa inayopiga "kla-kla" inamukatisha mtu maneno.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa TikTok hawalitaje sana na ambalo hapa ni la maana kuliko rangi nzuri: kamera inatoa foto iliyokwisha kutengenezwa. Fujifilm ilianza kutengeneza filimu tangu 1934, na rangi za filimu zake iliziweka ndani kama programu, 20 kwa X100VI. Unapiga, unapitisha foto kwenye telefone kwa Wi-Fi, unaituma redioni ao kwa mteja pasipo kufungua kompyuta. Pikseli milioni 40 zinafanya faili nzito na zinakula megabaiti, lakini unaweza kuchagua kimo kidogo ndani ya kamera kabla ya kupiga. Batri inajazwa kwa kamba ya USB-C, sawa telefone nyingi za sasa, hata kwa pawabanki ao paneli ya jua. Kampuni inahesabu foto karibu 450 kwa batri moja ukichungulia kwa dirisha la kioo. Ukitumia la umeme zinapunguka.

Sasa tuingie ndani ya kanisa, siku ya ndoa. Objektifu hii inaona sawa na milimita 35 ya kamera ya filimu: inafaa barabarani, sokoni, ndani ya nyumba. Mpiga foto aliyezuiliwa nyuma ya viti vya wazazi atapata padri mdogo sawa kidole. Kamera inaweza kukata katikati ya foto na kuikuza, lakini huko ni kukata tu, pikseli zinapotea. Fujifilm inauza kioo cha kuongeza mbele ili kusogeza kidogo, na chenyewe kinalipiwa pembeni. Mechi ya mpira? Tuachane nayo. Tena kuna nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikiharibika, ndoa imepotea, na bibi-arusi hatafunga mara ya pili juu yako.

Vumbi na mvua pia. Ili kamera ikinge maji na vumbi, unapashwa kununua pete na kioo cha mbele, ambavyo haviko ndani ya sanduku. Kwa kuwa objektifu haitoke, vumbi haliingie kirahisi. Lakini likiingia, mwenyewe hauwezi kulipangusa. Lazima kuifungua, na hiyo si kazi ya fundi wa telefone wa pembeni ya barabara. Kwa muji kama Goma, wenye vumbi nyeusi ya volkano, hilo si jambo la kupita haraka.

Kuna wanaosema pia kwamba udogo wake unalinda mwandishi wa habari. Nusu ni kweli. Raia hawaogope. Lakini kwenye kizuizi, mwenye bunduki haangalie kimo cha apareyi, na kitu kinachoingia ndani ya koti kinaweza kuleta maulizo zaidi kuliko kile kinachobebwa wazi shingoni.

Mwenye kuanza kazi, na ambaye feza hiyo ndiyo yote aliyo nayo, apitie njia ingine: Canon ao Nikon iliyokwisha kutumika, yenye objektifu inayobadilika. Objektifu ya Canon ya milimita 50 f/1.8 iliyotoka 2015 iliuzwa mpya chini ya dola 150. Haivutie macho kwa TikTok, lakini inalipa nyumba. X100VI inamufaa yule ambaye tayari ana kamera ya kazi na anahitaji ya pili, ya kutembea nayo.

Na kwa wale watakaotafuta za zamani kwa wafanyabiashara wanaosafiri Kampala ao Dubai: X100T na zile zilizoitangulia zinatumia batri NP-95, wakati X100F ya 2017 na zilizofuata zinatumia NP-W126S. Haziingiliane. Ukipewa X100T kwa bei nzuri, uliza kwanza kama inakuja na batri mbili, na uziwashe zote mbili mbele ya muuzaji.