Msitununulie RAM, pimeni kwanza!

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie. Naandikia hapa kimbwetani na chaji imebaki kiduchu.

Usiku wa matokeo tovuti ya chuo ilizima. Watu tumekesha hadi alfajiri, hujui umefaulu au una sup. Kesho yake tukaambiwa RAM ya seva ni ndogo. Haya, ikanunuliwa. Wiki mbili baadaye, siku ya kusajili kozi, tovuti chali tena!

Mimi niko mafunzo kwa vitendo kitengo cha kompyuta, nikamuuliza fundi mkuu: "Mzee, tulijuaje kama ni RAM?" Akanijibu, "Dogo, niliandika free -m nikaona imebaki kidogo."

Jamani! Linux haiachi RAM ikae bure. Sehemu isiyo na kazi inawekewa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikiihitaji inapewa. Safu ya kutazama ni "available", siyo "free".

Nikaandika df -h. /var imejaa asilimia 100! Mafaili ya logi yamerundikana miezi na miezi, hakuna aliyepanga logrotate iyapunguze. Hifadhidata ikakosa pa kuandika, tovuti ikalala. Mgonjwa anaumwa jino, sisi tumemfunga bandeji mguuni. Na hela ni za ada zetu.

Ninachosema ni hiki: anayeomba hela ya mashine bila vipimo anabahatisha, na asipewe.

Ataniambia "tuna top." Sawa, lakini top inaonyesha sasa hivi. Seva imekufa saa tisa usiku, wewe umefika saa mbili asubuhi, utaona nini? Mwingine atasema kupima kunaongeza mzigo. Hapana. Sysstat inaamka kila dakika 10, inaandika takwimu, inalala tena.

Kwenye Debian kazi ni ndogo: apt install sysstat, fungua /etc/default/sysstat, geuza ENABLED iwe "true", anzisha huduma upya. Kesho yake sar -u inakuambia prosesa ilivyoshinda, sar -r kumbukumbu, sar -q mzigo. Ukikuta mzigo 12 kwenye mashine ya koa 4 na prosesa haina kazi, usikimbilie dukani: kwenye Linux mzigo unahesabu pia programu zinazosubiri diski.

Nafasi ya diski iwekee kiskripti kwenye cron: df ikifika asilimia 80, barua pepe iende kwa fundi. Na kompyuta nyingine, hata ile kuukuu ya maabara, iwe inaibishia hodi seva kila baada ya dakika chache, maana maiti haijitangazii msiba.

Programu zote hizo ni za bure. Sisi ilituchukua mchana mmoja, na mzee mwenyewe alikaa pembeni yangu akaandika ile ya cron kwa mkono wake. Kwa hiyo msiniambie hakuna bajeti. Bajeti ya RAM isiyohitajika ilipatikana!

Muhula ujao wakija na ombi jipya, wawakilishi wetu waulize swali moja tu: vipimo viko wapi? Visipokuwepo, hela ibaki benki.

Habari ndiyo hiyo. Naenda foleni ya wali maharage.