Pori Si Tupu

Wapo wanaolitazama pori kavu la vichaka na kusema, "Hapa patupu, pafyekwe." Huo ni uongo. Katika nyika za Kenya na Tanzania wamo vipepeo wadogo wa jamii ya Tarucus, ambao upande wa chini wa mbawa zao ni mweupe wenye madoa meusi. Viwavi wao hula majani ya mkunazi. Sisimizi huwalinda na kulipwa majimaji matamu. Kunazi nazo huliwa na watoto wetu. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 iliihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa kuwa ardhi ya jumla. Isiyotumiwa na nani, ndugu msomaji? Anayeliita pori tupu hajainama kulitazama.