Manusura wa Ulanguzi Afundishwe Sheria, Asiitwe Kulia Semina Tu

Mtindo tunaujua. Dada anarudi kutoka Ghuba akiwa na makovu, kamera zinamsubiri uwanja wa ndege, mheshimiwa anamkumbatia. Baadaye anaitwa hotelini, anasimulia, analia, watu wanapiga makofi, anapewa nauli ya kurudi Likoni. Basi. Ajenti aliyempeleka bado yuko mtaani anatafuta mwingine.

Sisi tunasema huyo dada afunzwe kazi ya msaidizi wa kisheria, awashike mkono watakaorudi baada yake.

Sheria yenyewe ipo, tena kali. Ile ya 2010 ya kupambana na ulanguzi wa watu inampa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na ule wimbo wa "si alikubali mwenyewe, si alitia sahihi" hauna kazi: kama alihadaiwa, kukubali kwake hakumwokoi mlanguzi. Pia mwathiriwa hafai kushtakiwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Wafikirie vijana walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Akirudi anaogopa hata kupita karibu na kituo cha polisi, manake anadhani yeye ndiye mhalifu. Nani amemwambia vingine?

Hapo ndipo manusura aliyefunzwa anapohitajika. Kesi hizi hufa mapema, hata kabla ya hakimu kuziona. Jumbe za simu zimefutwa. Mkataba wa Kiarabu umetupwa. Familia imeletewa bahasha wayamalize nyumbani, kwa sababu ajenti si mgeni, ni jirani, wakati mwingine ni shangazi kabisa. Aliyepitia hayo anajua pa kugusa: pesa za vipimo vya hospitali alilipa nani, na kwa nambari gani? Pasipoti ilichukuliwa siku gani, na mkono wa nani? Afisa anayeandika taarifa huenda asiulize hata moja kati ya hayo. Na kuna mambo binti hatamwambia afisa mwanamume, wala mamake, lakini atamwambia mwenzake aliyelala jikoni kwa tajiri kama yeye.

Wala si ndoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi hawa, wakiidhinishwa na kufanya kazi chini ya usimamizi. Hawasimami kortini kama mawakili. Wanaelimisha, wanashauri, wanasindikiza, wanafuatilia faili lisipotee. Magerezani tumeshaona: wafungwa wa Kamiti na Langata walisomeshwa sheria, wakawasaidia wenzao kuandaa rufaa. Kama mfungwa anaweza, dada yetu anashindwa na nini?

Lakini tusiharakishe mambo. Anayeshtuka usiku akisikia mlango, apone kwanza. Kesi yake mwenyewe asiishike. Hapo yeye ni shahidi, na wakili wa upande wa pili atadai wamepikiana ushahidi. Afunzwe kutunza siri, manake mtaa wetu ni mdogo. Na alipwe jamani! Mtu aliyefanyishwa kazi bila mshahara Riyadh, tukimfanyisha kazi bila mshahara Mombasa kwa jina la "kujitolea", tunamtendea nini?

Kwa mashirika yenye fedha za semina: punguzeni hoteli, lipeni mafunzo.

Na wewe unayesoma, kama umerudi ama una ndugu aliyerudi, usifute ujumbe wowote, hata wa matusi. Chukua taarifa ya M-Pesa ya miezi ile. Tunza tiketi na mkataba, hata kama huelewi kilichoandikwa. Ukienda kuripoti usitoke kituoni bila nambari ya OB. Ukitaka kujifunza kazi hii, tuandikie inbox, si kwenye komenti.