Msongo wa kazini: Dawa si semina pekee

MWAJIRI anapoona utoro umeongezeka na mafaili yanalala, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kumwita mtaalamu awafundishe wafanyakazi namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo.

Semina ikimalizika, kila mmoja hurejea kwenye meza ileile, kwa mkuu yuleyule na kwa taratibu zilezile zilizomchosha. Hapo ndipo fedha za mwajiri hupotea, kwa sababu aliyetibiwa ni mfanyakazi, ilhali kilichougua ni kazi yenyewe.

Ushahidi wa jambo hili umekuwapo kwa miongo kadhaa. Utafiti ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wanaume wa Serikali ya Uingereza mjini London ulionyesha kuwa wa vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kikubwa kuliko wakuu wao.

Matokeo hayo yalikwenda kinyume na imani ya wengi kwamba mwenye majukumu mazito ndiye anayeumia zaidi. Watumishi wale hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na ajira ya kudumu na matibabu ya umma.

Mwaka 1985 watafiti wakiongozwa na Profesa Michael Marmot walianza kufuatilia watumishi wengine 10,308, wanaume kwa wanawake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalibainisha kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusiana na uwezo mdogo wa mtumishi kuamua kazi yake ifanyike vipi.

Msomi wa Marekani, Robert Karasek, alikwishatoa hoja inayofanana na hiyo mwaka 1979. Kwa mujibu wa hoja yake, kazi nyingi peke yake si sumu. Sumu ni kazi nyingi pale anayeifanya anapokuwa hana sauti. Mwenye nafasi ya kuamua anaweza hata kujifunza na kukua kutokana na uzito wa kazi hiyohiyo.

Wapo wanaohoji kwamba malezi na hali ya maisha ya utotoni navyo huchangia tofauti za afya kati ya vyeo. Hoja hiyo ni ya msingi, lakini haimwondolei mwajiri wajibu kwa yale yaliyo mikononi mwake.

Hasara nayo si ndogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria mwaka 2022 kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, zenye gharama ya karibu dola trilioni moja za Marekani. Mwongozo wa WHO wa mwaka huo ulishauri mazingira ya kazi yenyewe yarekebishwe na mameneja wapewe mafunzo.

Tanzania haikuwa ngeni kwa wazo la kumpa mtumishi sauti. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, maarufu kama OPRAS, ulioanza mwaka 2004, ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo ya mwaka kabla ya tathmini. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfumo wa kielektroniki.

Hata hivyo, iwe ni karatasi au kompyuta, fomu haimpi mtu sauti iwapo malengo huandikwa na mkubwa na mdogo akaitwa kutia saini tu.

Mabadiliko yanayohitajika si ya gharama kubwa. Muuguzi ashirikishwe katika kupanga zamu. Karani wa benki aulizwe ni hatua ipi inayochelewesha foleni. Na atakayesema asionekane mkorofi. Lakini kumpa mtu uamuzi bila vitendea kazi ni kumwongezea mzigo.

Kabla ya kulipia semina nyingine, menejimenti ingefaa ijiulize: ni mara ngapi mwaka huu ushauri wa mfanyakazi wa chini umebadilisha utaratibu wa kazi? Kama jibu ni hakuna, basi chanzo cha uchovu kimekwishajulikana.